Likasi, Kila Siku

Likasi, tarehe 3 mwezi wa pili 2025

Magloire, mutoto yangu,

Salamu yetu ikukute huko Kolwezi ukiwa umekula na umelala. Siye huku tuko. Mvula imekataa kuacha. Bati ya upande wa jikoni inavuja, nimeweka sufuria chini na ile sauti yake ya to, to, to inaniudhi. Shemeji yako Jean-Claude anaendaka ku kazi ku usine na kinga yake, ile baiskeli ya zamani, tairi ya nyuma imevimba sawa shavu ya mutu wa jino. Na mukewe, dada yako Joëlle, iko na mimba. Ndiyo, umesoma muzuri. Ya tatu. Aliniomba nikuambie pole pole, mais minye sijue pole pole, unanijua.

Barua hii ninaipatia Placide wa taxi-bus. Usicheke. Ku telefone unanijibuka "ndiyo mama, ndiyo mama," nyuma unakata. Ku karatasi utanijibu.

Sasa neno yenyewe. Ile base ya mu machine uliyotutengenezea ku maternité, kule tunazalisha bamama, ya bantu ba kutoa damu, imekuwa nzito. Wakati ule tulikuwa na bantu kidogo, ba paroisse yetu tu. Sasa makanisa ya maombi yameleta ba kwao, bachimbaji ba Kamatanda bamejiandikisha, bavuvi ba ku ziwa, ku lac Tshangalele, vilevile. Na hakuna hata moya anayekaa pahali pamoja: siku ya kwanza ya juma iko Kamatanda, siku ya tatu iko ku soko, siku ya posho, ile ya sita, iko ku lac. Njo maana mu fishi, ile karatasi ya mu machine ya kila mutu, uliweka liste ya siku na mahali. Ilikuwa akili, sikatai. Mais sasa nikiuliza "nani iko na damu O négatif, na iko Likasi siku ya ine?", kale kaduara ka ku machine kanazunguka tu. Nilitia maji ku moto, yakachemuka, nikakunywa chai, kaduara kangali kanazunguka! Mwanamuke anatoka damu, na minye ninaangalia kaduara. Ni kazi gani hiyo?

Joëlle iko O négatif, unajua. Ku mutoto wa pili damu ilimutoka mingi, unajua tena. Anangojewa mwezi wa tano. Tengeneza hiyo kitu.

Na utakuya lini?

Mama mudogo yako,
Bibiane wa labo


Kolwezi, tarehe 21 mwezi wa pili 2025

Mama mudogo,

Barua yako ilinifikia na harufu ya samaki, juu Placide aliiweka mu kifurushi cha mutu mwingine. Nilifurahi hata na harufu. Huku niko muzima. Courant ya umeme inakatika kila wakati, tunafanya kazi na batri, na jirani yangu amenunua jogoo asiyejua saa. Umusalimie Jean-Claude, umuambie anunue tairi. Joëlle umuambie nimefurahi. Vraiment, nilizunguka mu chumba sawa mutu wa wazimu, nikaenda inje kumutafutia kikwembe, kitenge muzuri. Placide iko nayo.

Kuhusu base: machine haikuwa muvivu, maskini. Ilikuwa inafungua fishi moya moya, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na mu kila fishi inasoma liste yote ya siku na mahali. Bantu bakiwa kidogo, hauoni. Bakiwa mingi, unakunywa chai.

Nimeipa index. Iko hivi: ukienda ku soko hauulizi kila mama "uko na ndakala?" Unaenda moja kwa moja ku mustari ya bamama ba samaki. Machine nayo sasa iko na mistari yake. Na kama mama moya anauzisha ndakala, chumvi na mafuta, jina yake inaandikwa ku mistari yote tatu, ili upande wowote unaotokea umukute. Vilevile mutu wa Kamatanda, wa soko na wa ku lac: fishi yake ni moya, mais mu index anaonekana mara tatu.

Kuko bei yake. Kila unapoandika mutu mupya, machine inapashwa kumuandika na mu mistari yake yote, kwa hiyo itakawia kidogo. Nilitaka tena niunganishe liste ya mahali na liste ya banamba ba telefone mu index moya, machine ikakataa kabisa. Haitaki liste mbili mu index moya. Nikachagua mahali.

Ku maternité muko mungali mu lile jengo la zamani, ao mulihama?

Kazi huku ni mingi sana.

Mutoto yako,
Magloire


Likasi, tarehe 16 mwezi wa tatu 2025

Magloire,

Tunakusalimia bote. Kikwembe ilifika. Joëlle aliivaa siku ya Mungu ku misa, tumbo mbele, akapita mu katikati ya kanisa pole pole kusudi bamuone. Jean-Claude alipanda ku bati kutengeneza pale panapovuja, akatoboa pahali pengine. Sasa niko na sufuria mbili.

Base imekuwa na mbio! Ninaandika swali, na mbele nitoe kidole, jibu imefika. Daktari Casimir alisimama nyuma yangu akasema, "Bibiane, rudilia," nikarudilia, akacheka sawa mutoto. Kweli kuandika mutu mupya kunakawia, na Shalom, musichana anayenisaidia ku labo, ananuna. Muache anune.

Tuko na mvuvi moya wa Tshangalele, jina yake Chadrack. O négatif, mikono minene sawa miguu ya meza. Sindano ikiingia anacheka kwa sauti, bagonjwa bote banageuka kumuangalia. Nimesha kumuambia Joëlle: usiogope, Chadrack njo damu yako.

Mais Joëlle halali. Anazunguka mu parcelle, mu kiwanja ya nyumba, mukono ku mugongo, anafagia pahali alipofagia asubui. Jana aliniuliza habari ya mukubwa wake: "Yaya Magloire amesema nini?" Nikamuambia, amesema index. Akacheka. Nyuma akalia.

Tuko mu jengo lilelile. Bamepaka rangi tu.

Barua yako niliisoma pande zote mbili. Sikuona mahali umeandika utakuya lini. Ao macho yangu njo imekuwa mubaya?

Bibiane


Likasi, tarehe 12 mwezi wa ine 2025

Magloire,

Salamu. Tuko bazima. Nimekusalimia, njo basi, juu niko na hasira.

Siku ya ine ya juma hii balituletea Orpa, ule mama anayeuzisha bikwembe karibu na gare ya treni. Alizaa muzuri, nyuma damu ikaanza kumutoka, ikakataa kusimama. O négatif. Nikauliza machine. Mbio mbio ikanipa: Chadrack, Likasi, siku ya ine. Nikasema asante Mungu, asante Magloire. Nikamutuma mutu wa moto, wa pikipiki, ku nyumba ya Chadrack. Nyumba imefungwa. Akamutafuta ku soko, ku kanisa, ku baa. Jirani akamuambia: "Chadrack? Siku ya ine? Iko mu mutumbwi!"

Magloire, nilikuwa nimeshika mukono ya Orpa. Mukono ilikuwa inapoa.

Unajua kilichomuponesha? Bahati. Mama moya jina yake Martine alikuya na sahani ya bukari, ugali ya mugonjwa mwingine kabisa. Akasikia makelele yangu mu couloir, akasema, "Minye balinipimaka Lubumbashi, balisema O négatif." Hata hakuwa mu base! Alilala pale pale, Shalom akapima yote inayopashwa kupimwa, akatoa. Orpa iko muzima. Sahani ya bukari ilipoa, hakuna aliyekasirika.

Kesho yake Chadrack akakuya mwenyewe mbio, anauliza alikosa nini. Nikamutukana, Mungu anisamehe. Akaniambia: "Mama Bibiane, minye niliwaambia wazi. Likasi siku ya kwanza. Ku lac siku ya ine." Nikafungua fishi yake. Ni vile tu! Shalom aliandika muzuri. Chadrack alinihurumia, akatoa damu vilevile, juu hakutaka kurudi bure. Hakucheka safari hii.

Basi nani alidanganya? Fishi inasema kweli, mutu anasema kweli, na machine inanituma ku nyumba imefungwa. Mbele ilikuwa inakawia. Sasa inakosea na mbio.

Joëlle alisikia yote. Ku Likasi hakuna siri. Anafagia tu. Siwezi kumupangia dada yako bahati, Magloire. Bahati haina fishi.

Nilikupigia ku telefone. Haukupatikana.

Bibiane


Kolwezi, tarehe 24 mwezi wa ine 2025

Mama mudogo,

Salamu kwenu, na kwa mama Orpa, na kwa ule mama wa bukari ambaye nataka kumupigia magoti. Minye niko muzima mais barua yako nimeisoma nimesimama, na tangu hapo sijakaa muzuri.

Nimesha kuona. Fishi iko sawa. Index iko sawa. Swali yangu njo mubaya.

Niliiambia machine: unipe mutu ambaye mu liste yake kuko Likasi, na mu liste yake kuko siku ya ine. Sikuiambia zote mbili zikuwe ku mustari moya. Angalia Chadrack. Mustari ya kwanza: Likasi, siku ya kwanza. Mustari ya pili: Tshangalele, siku ya ine. Machine ikakamata Likasi huku, ikakamata siku ya ine kule, ikasema, ndiyo, iko nazo zote. Ni sawa mutu akuulize, "Kwenu kuko mwanaume?" Unasema ndiyo. "Kuko mwenye mimba?" Unasema ndiyo. Nyuma anaenda kutangaza ku soko kama Jean-Claude iko na mimba.

Hata mbele ya index ilikuwa inakosea vile. Ila ilikuwa pole pole, na mulikuwa munapata bantu munaowajua, hamukuona. Sasa nimefunga mahali na siku pamoja. Mustari moya, ao hakuna jibu. Mbio yake haikupunguka.

Nilijaribu swali yetu kutoka huku: O négatif, Likasi, siku ya ine. Jibu lilitoka. Ni sawa. Usijisumbue kuangalia leo, pumzika.

Jogoo wa jirani bamemula, Pasaka. Nimelala siku mbili muzuri, nyuma nikaanza kumukosa.

Magloire


Likasi, tarehe 2 mwezi wa tano 2025

Magloire,

Salamu ya siye bote. Mvula imesimama, sufuria zimerudi jikoni. Jean-Claude amenunua tairi.

Uliniambia nisiangalie. Kwa hiyo niliangalia.

Daktari Casimir amesema Joëlle hatangojea uchungu, atamupasua siku ya ine, tarehe 15, juu daktari wa kulalisha bagonjwa anakuyaka siku ile tu. Anataka mutu wa damu awe karibu, tayari. Hospitali kubwa imejibu friji yao haina O négatif. Chadrack alitoa mwezi uliopita, hairuhusiwi atoe tena sasa. Martine vilevile. Basi nikauliza machine. O négatif, Likasi, siku ya ine.

Ikanipa mutu moya. Magloire. Fishi ya kwanza kabisa ya base. Likasi siku ya kwanza, Likasi siku ya pili, Likasi siku ya tatu, mpaka siku ya Mungu. Likasi kila siku. Siku ya Orpa vilevile jina yako ilikuwa pale pamoja na Chadrack, macho yangu ikairuka.

Najua, ulijiandika mwenyewe wa kwanza kusudi ujaribu kama inatembea. Tulicheka hata. Mais bantu bale bote bamehama, tumebadilisha fishi zao, na yako ulipita pembeni yake mara ngapi? Weye unayetengeneza kila kitu kutoka mbali, hii haukuiona? Uliiona. Mwezi uliopita uliiona, ukaniambia nipumzike.

Sasa nitasema ile neno hatusemaka. Joëlle alizaliwa mu chumba ile, na dada yangu Clotilde, mama yenu, hakutoka. Damu ilikosa. Minye nilikuwa ndani nimemushika. Weye ulikuwa inje ku banc, ile benchi ya kungojea, na uniforme ya masomo, hakuna mutu aliyekuya kukuambia kitu, ulikaa pale mpaka ukasikia minye nalia. Tangu ulianza kazi Kolwezi, umetutumia bikwembe, umetutumia dawa, umetutumia machine. Miguu yako haukuituma. Sikuulizaka kwa nini. Najua kwa nini. Na minye ninaingia mu chumba ile kila siku ya kazi, Magloire. Kila siku ninaogopa, na ninaingia.

Sikulazimishi. Mais ile fishi usiiache vile. Badilisha, ao ukuye. Machine isiniambie uko hapa na hauko.

Bibiane


Kolwezi, tarehe 9 mwezi wa tano 2025

Mama mudogo,

Salamu. Placide alipata panne, gari ilikufa mu njia, barua ilinifikia jana tu. Huku vumbi imeanza, kila mutu anakohoa. Batri ya kazi imekufa, tunangojea ingine.

Barua yako nimeisoma. Nimeanza karatasi tatu.

Uko na haki kuhusu fishi. Fishi isiyosema kweli ni hatari, minye njo ninapashwa kuijua hiyo kuliko bote. Nitaibadilisha.

Muangalie kama Lubumbashi hawana.

Magloire


Likasi, tarehe 13 mwezi wa tano 2025

Magloire,

Salamu, haraka, Placide anapiga honi inje.

Lubumbashi hawana.

Ulisema utaibadilisha, na leo asubui nilifungua fishi yako. Umeandika Kolwezi. Kolwezi siku ya kwanza, Kolwezi siku ya pili, ya tatu. Nikateremuka: Kolwezi siku ya tano, ya posho, ya Mungu. Nikarudi yulu. Siku ya ine haukuigusa. Siku ya ine ingali Likasi.

Ni kusahau? Ulichoka, ukaruka mustari moya? Ao ni neno unaniambia? Machine haijue. Minye nayo sijue, na nimesha kumuambia Joëlle kama yaya yake anakuya. Alikuwa anafagia, akaacha ufagio ukaanguka. Kama ulisahau tu, Magloire, nitamuangalia na macho gani?

Telefone yako haipiti. Ninakuchukia leo, na ninakungojea.

Bibiane


Likasi, tarehe 15 mwezi wa tano 2025, ku banc

Mama mudogo Bibiane,

Salamu. Muko ndani tangu asubui, Shalom amekataa nikuite, amesema atakupa hii karatasi ukitoka kuchukua maji. Habari ya Kolwezi ni muzuri. Jirani amenunua jogoo mwingine.

Sikusahau mustari. Nilifungua fishi kuandika Kolwezi kila siku, nikafika siku ya ine, kidole ikakataa. Nilizima telefone juu kama ningesikia sauti yako ningesema "ndiyo mama, ndiyo mama," nyuma ningekata. Jana nilitoka Kolwezi na basi ya kwanza, nikashuka ku gare, nikazunguka Likasi muzima. Nilipita mbele ya maternité, nikapita tena. Nimelala kwa Placide. Leo nimeingia.

Shalom amenipima, amenitoboa. Niliangalia ukuta. Mufuko ya damu imepita mbele ya macho yangu ikiingia kule ndani, ingali moto. Mukono umefungwa na pamba, njo maana maandishi ni mubaya.

Kweli bamepaka rangi. Mais banc ni ileile. Imekuwa fupi, ao minye njo nimekuwa murefu. Jean-Claude amekaa hapa pembeni yangu, anazungusha kofia yake mu mikono. Ninasikia viatu ndani. Siko nasikia mutu analia, na sijue kama ni muzuri ao ni mubaya. Mutu akifungua ule mulango nitakufwa. Niambie tu. Ata neno moya.

Magloire


(nyuma ya karatasi ileile)

Leo hakuna salamu.

Mutoto ni musichana. Joëlle ameamuka, anauliza uko wapi. Mulango haufungwi na ufunguo.

Ingia.